Taa za LED za ukungu kwenye pikapu: Mambo ya kuzingatia kabla ya kubadilisha

Wamiliki wengi wa pikapu huziondoa balbu za ukungu zilizokuja na gari kutoka kiwandani na kuweka za LED zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri. Mabadiliko hayo yanaweza kuongeza usalama barabarani au kuupunguza, na tofauti hutokana na mahali mwanga mpya unapoangukia kuliko wingi wake.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, ukungu ni sehemu ya safari. Madereva hukutana nao kati ya Limuru na Kinungi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, Timboroa kwenye njia ya kwenda Eldoret, Kabale kusini magharibi mwa Uganda, kwenye msitu wa Nyungwe nchini Rwanda na kwenye barabara ya Makambako kwenda Njombe, kusini mwa Tanzania. Saa ambazo ukungu huwa mzito zaidi, yaani usiku wa manane na alfajiri, ndizo saa ambazo pikapu nyingi huwa njiani zikipeleka maziwa, viazi na mboga sokoni.

Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu kuwa kuna ukungu pale upeo wa kuona unaposhuka chini ya mita 1,000. Kwa dereva, shida halisi huanza upeo huo unapofika mita 100 au pungufu. Hapo taa kubwa za kawaida huanza kumgeuka: anapowasha mwanga kamili, matone ya maji yaliyomo hewani huurudisha machoni pake, na mbele hubaki ukuta mweupe.

Taa ya ukungu hufanya kazi gani?

Taa ya ukungu ya mbele haikutengenezwa ili kuona mbali. Kazi yake ni kuangaza eneo la karibu, kwa upana, ili dereva auone ukingo wa barabara, mstari uliochorwa na shimo lililo mbele yake. Kwa hiyo hufungwa chini, ndani ya bampa, na mwanga wake hutoka ukiwa bapa kama upepeo uliolazwa, huku upande wa juu ukikatwa na mstari ulionyooka. Juu ya mstari huo kunatakiwa kuwe na giza.

Mstari huo wa mkato ndio moyo wa taa ya ukungu. Mwanga unaopita chini hugonga lami kabla ya kupenya ukungu mwingi, na ule unaorudishwa na matone haurudi moja kwa moja kwenye macho ya dereva aliyeketi juu zaidi. Mwanga unaovuja juu ya mstari hufanya kinyume chake: huangaza ukungu wenyewe badala ya barabara, na humpofusha anayekuja kutoka upande wa pili.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magari, zinazofuatwa na watengenezaji wengi duniani, zinaeleza jambo hili kwa vipimo. Kanuni namba 48 inataka taa za ukungu za mbele kwenye magari ya abiria na magari mepesi ya mizigo ziwe kwenye kimo kisichopungua milimita 250 na kisichozidi milimita 800 kutoka ardhini. Rangi zinazokubaliwa ni mbili tu, nyeupe au njano mahususi iliyoainishwa na kanuni hizo.

Balbu ya kiwandani na namba zake

Pikapu nyingi zilizopo barabarani, kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max za miaka iliyopita, zilitoka kiwandani zikiwa na balbu za halojeni kwenye taa za ukungu. Aina ya balbu huandikwa kwenye kitako chake na kwenye kitabu cha mwongozo wa gari. Kundi linaloonekana mara nyingi ni lile la H8, H11 na H16, ambazo zinafanana mno kwa umbo na hutofautiana kwa nguvu. H11 hutumia wati 55 na hutoa takriban lumeni 1,350. H8 hutumia wati 35 na kutoa lumeni 800. H16 hutumia wati 19 tu na kutoa lumeni 500.

Kufanana huko kumeleta hasara kwenye gareji nyingi. Kasha la taa lililobuniwa kwa H16 huwa na plastiki inayostahimili joto la wati 19. Fundi anapochonga kidogo vijino vya kitako na kulazimisha H11 iingie, joto linakaribia kuongezeka mara tatu. Matokeo yake ni kiakisi kubabuka, kioo cha plastiki kugeuka rangi, na wakati mwingine soketi kuyeyuka. Kwa mmiliki anayetaka mwanga zaidi bila kuongeza joto la namna hiyo, LED huonekana kuwa jibu la moja kwa moja.

LED hutoa mwanga kwa njia gani?

Balbu ya halojeni hutoa mwanga kwa kuupasha moto uzi mwembamba wa tangsteni hadi ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme hupotea kama joto. LED hupitisha umeme kwenye kipande kidogo cha madini maalumu ambacho hutoa mwanga bila kuungua. LED nyeupe iliwezekana baada ya kupatikana kwa LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa kawaida chipu ya buluu hufunikwa na utando wa fosfori ya njano, na mchanganyiko wa rangi hizo mbili huonekana mweupe machoni.

Kutokana na asili hiyo, LED nyingi zinazouzwa madukani zina mwanga mweupe unaoelekea buluu, wa kelvini 6,000 hadi 6,500, wakati halojeni huwa karibu na kelvini 3,200. Kipimo cha kelvini hueleza rangi ya mwanga tu. Wauzaji wengine huwafanya wateja waamini kuwa namba kubwa ya kelvini ni nguvu kubwa, jambo ambalo si kweli.

Kuna tofauti nyingine inayosahauliwa. Halojeni hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hubakiza joto nyuma, kwenye kitako, na joto hilo lisipoondolewa mwanga hufifia na chipu hufa mapema. Ndiyo maana balbu za LED huwa na mapezi ya alumini au feni ndogo kwa nyuma. Kwenye bampa la pikapu, ambako nafasi ni finyu na matope ni mengi, feni hiyo huweza kukwama kabla ya chipu yenyewe kuchoka.

Kwa nini balbu ya LED hukosea ndani ya kasha la halojeni?

Kiakisi cha taa hukokotolewa kwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo. Uzi wa halojeni una urefu wa milimita chache, ni mwembamba, na hutoa mwanga kuuzunguka pande zote. Kila sehemu ya kiakisi imepindwa ili iuchukue mwanga kutoka nukta hiyo na kuupeleka mahali fulani barabarani. Uzi ukisogea hata milimita moja, mstari wa mkato huanza kuharibika.

Balbu ya LED ya kubadilishia huwa na chipu zilizopangwa pande mbili za ubao mwembamba. Chipu hizo zikikaa pale pale ulipokuwa uzi, na ubao ukiwa mwembamba vya kutosha, mwanga unaweza kukaribia ule uliokusudiwa. Ubao ukiwa mnene, chipu zikiwa kubwa mno, au balbu ikizungushwa hadi chipu zikatazama juu na chini badala ya kushoto na kulia, kiakisi hupokea mwanga kutoka mahali pasipo pake. Mbele ya gari huonekana mng'ao mkubwa, lakini umetawanyika: mwingi uko juu ya mstari, na madoa ya giza yako pale barabara ilipotakiwa kuonekana.

Kwa hiyo lumeni zilizoandikwa kwenye boksi hazitoshi kuamua ubora. Lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka kwenye balbu, popote unapokwenda. Dereva anahitaji mwanga ulioelekezwa. Balbu inayotajwa kuwa na maelfu ya lumeni inaweza kuangaza ukingo wa barabara vibaya zaidi kuliko halojeni ya lumeni 800 iliyokaa mahali pake.

Kubadilisha taa nzima

Njia ya pili ni kuondoa kasha lote na kufunga taa ya ukungu iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo, ikiwa na kiakisi au lenzi yake yenyewe. Hugharimu zaidi, na lazima ilingane na tundu la bampa na vishikio vya gari husika. Faida yake ni kwamba chanzo cha mwanga na kiakisi vimetengenezwa kwa ajili ya kimoja na kingine.

Alama zilizochongwa kwenye kioo cha taa humsaidia mnunuzi. Herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba huonyesha kuwa taa imeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa, na namba hutaja nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 43 ni Japani. Karibu na alama hiyo, herufi B au F3 huonyesha kuwa ni taa ya ukungu ya mbele. Taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na maandishi SAE pamoja na herufi F. Alama hizo hughushiwa pia, hivyo haziondoi haja ya kuipima taa ukutani baada ya kuifunga.

Taa ndefu za LED zinazofungwa juu ya paa au mbele ya bampa, ambazo hutumika sana kwenye pikapu za mashambani na migodini, si taa za ukungu. Nyingi hazina mstari wa mkato, na kwenye ukungu hutenda kama taa kubwa zilizowashwa kwa nguvu zote.

Je, njano ni bora?

Imani kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu ni ya zamani. Ufaransa iliyalazimisha magari yake kutumia taa kubwa za njano tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993. Hata hivyo fizikia haiungi mkono wazo la kupenya. Matone ya ukungu yana kipenyo cha mikromita kadhaa hadi makumi, wakati mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu chini ya mikromita moja. Kwa ukubwa huo, matone hutawanya rangi zote karibu sawasawa.

Kinachobaki ni starehe ya macho. Mwanga wenye buluu nyingi huwakera watu wengi zaidi unaporudi machoni, na njano huondoa sehemu hiyo ya buluu. Dereva anayechagua LED ya njano ya kelvini 3,000 badala ya nyeupe ya 6,500 anaweza kuchoka kidogo pole pole, lakini hataona mbali zaidi.

Umeme na kompyuta ya gari

Halojeni mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9 kwenye mfumo wa volti 12. LED mbili za wati 20 huvuta kiasi cha ampea 3 na nusu. Kwa kuwa mzigo umepungua, hakuna sababu ya kuongeza fyuzi kubwa, na fyuzi ya kiwandani inatakiwa ibaki. Hali ni tofauti pale taa mpya zinapoongezwa kwenye gari ambalo halikuwa nazo: hapo panahitajika rilei, fyuzi yake karibu na betri, na nyaya zenye unene unaofaa.

Tatizo linaloripotiwa mara nyingi kwenye magari mapya ni onyo la balbu mbovu kwenye dashibodi. Kompyuta ya gari huzoea kiwango fulani cha umeme kinachopita. LED inapotumia kidogo, hudhani uzi umekatika, na baadhi ya magari hukata umeme au kuifanya taa ipepese. Suluhisho la kawaida ni kipinga umeme kinachofungwa sambamba na balbu. Kifaa hicho hupata joto kali, kwa hiyo hufungwa kwenye chuma, mbali na nyaya na plastiki.

LED pia hujali upande wa chanya na hasi, tofauti na halojeni. Ikikataa kuwaka baada ya kufungwa, jambo la kwanza la kujaribu ni kugeuza plagi.

Maji, vumbi na matope

Taa ya ukungu iko karibu na ardhi kuliko taa nyingine yoyote ya mbele. Hupigwa na kokoto, huzama kwenye madimbwi na hupokea vumbi la barabara za murram. Alama ya IP67 humaanisha kuwa kifaa hakipitishi vumbi na kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP68 ni kuzama kwa kina au muda zaidi, kwa masharti ya mtengenezaji.

Mpira wa kuzuia maji kwenye kitako cha balbu ndio unaoharibika mara nyingi wakati wa kubadilisha. Ukikunjwa au ukiachwa nje ya nafasi yake, unyevu huingia, kiakisi hupoteza mng'ao ndani ya miezi michache, na hata balbu bora haiwezi kukirudishia.

Kupanga mwelekeo wa taa

Upangaji wa taa hauhitaji mashine. Gari husimamishwa mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa matairi ukiwa sawa na dereva akiwa ameketi kwenye kiti chake. Kimo cha katikati ya kila taa hupimwa kutoka ardhini na kuwekewa alama ukutani. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 7 hadi 10, na uwe umelala sawasawa pande zote mbili. Skrubu ya kurekebishia huwa nyuma au pembeni mwa kasha.

Kipimo hiki ndicho pia mtihani wa balbu mpya. Ni vyema kupiga picha ya mwanga wa halojeni ukutani kabla ya kuitoa. Baada ya kufunga LED, mstari ukiwa umepotea au mwanga umepanda juu ya alama, kurekebisha skrubu hakutaponya. Balbu izungushwe ndani ya kitako kama inaruhusu, na isiposaidia, irudishwe dukani.

Pikapu ina jambo lake la pekee. Spring za nyuma hulegea kwa mzigo, na pua ya gari huinuka. Toyota Hilux ya milango minne ina milimita 3,085 kati ya ekseli mbili. Sehemu ya nyuma ikishuka kwa sentimita 5 kuliko ya mbele, mwanga hupanda kwa zaidi ya asilimia 1.6, karibu sawa na mteremko wote uliopangwa ukutani. Taa iliyokuwa sahihi gari likiwa tupu huanza kuwachoma macho wanaokuja pale linapobeba magunia. Kwa mwenye gari ambalo hubeba mzigo kila siku, kipimo sahihi ni kile kinachochukuliwa likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Kuvuka mipaka

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa kulia. Dereva anayepita Gatuna au Rusumo hubadilisha upande mpakani, na taa zake kubwa za chini, ambazo mwanga wake huinuka kuelekea ukingo wa barabara, huanza kuinukia upande wa magari yanayokuja. Mwanga wa taa ya ukungu uko sawa kushoto na kulia, kwa hiyo hauathiriwi na mabadiliko hayo, mradi mstari wake wa mkato uwe mzima.

Sheria za balbu za kubadilishia hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ujerumani huzuia balbu za LED zisizo na idhini ndani ya taa za halojeni, na zile za kwanza za taa kubwa zilizoruhusiwa, mwaka 2020, ziliidhinishwa kwa aina mahususi za magari tu. Huko, na Uingereza pia, kuwasha taa za ukungu wakati hali ya hewa ni safi ni kosa. Kwa mwenye gari Afrika Mashariki, ni busara kuulizia kituo cha ukaguzi wa magari kabla ya kununua.

Mwendo unaolingana na mwanga

Taa iliyofungwa kwenye kimo cha sentimita 60 na kuelekezwa chini kwa asilimia 1.5 hadi 2 huangaza lami hadi umbali wa mita 30 hadi 40. Hapo mstari wake wa juu hugusa ardhi. Hakuna idadi ya lumeni inayoweza kuusogeza mbele bila kuivunja kanuni iliyoifanya taa hiyo ifae kwenye ukungu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami iliyolowa huhitaji takriban mita 40 ili lisimame, zikihesabiwa zile linazokwenda kabla dereva hajagusa breki. Kwa kilomita 80 kwa saa, umbali huo huzidi mita 80. Dereva anayeona vizuri zaidi pembeni mwa barabara baada ya kufunga LED hupata hisia kwamba anaweza kuongeza mwendo, wakati umbali anaouona mbele haujabadilika. Katika ukungu mzito, mwendo salama hubaki chini ya kilomita 50 kwa saa, iwe balbu ni ya halojeni au ya LED, na ukungu unapoondoka taa hizo huzimwa.